Mwalimu wa Foleni

Tulimwita Mwalimu wa Foleni, na mwenyewe alijua. Mwanzo lilikuwa jina la kumcheka nyuma ya mgongo pale chuoni, kisha likahamia mtaani, mpaka mafundi baiskeli wa Msamala, hapa Songea, wakawa wanamwita hivyo mchana kweupe naye anaitika. Kwao hasa ni wapi sijui. Wapo waliosema Tunduru, wapo waliosema ni mtu wa mbali kabisa aliyeletwa na ajira akasahaulika huku. Hayo hayanihusu. Ninachojua ni kwamba nimemfahamu miaka kumi na mitatu, kwamba alinifundisha kazi inayoniweka mjini mpaka leo, na kwamba kwa miaka sita ya mwisho nilikuwa na neno moja la kumwambia nikawa sithubutu. Neno lenyewe ni hili: aliaibika mbele ya watu wazima na watoto kwa sababu ya daftari nililomjazia mimi, na nusu ya daftari lile nilitunga.

Kazi yake, ukiivua maneno makubwa, ilikuwa kuujaribu mfumo wa kompyuta kabla watu hawajautegemea. Alikuwa akisema watu wananunua mfumo wanavyonunua kitenge, kwa kuugeuza geuza na kuusifia rangi. Kumbe mfumo ni mashine ya kusaga. Swali si mashine inang'aa namna gani. Swali ni kina mama wangapi watafika na madebe yao kwa mpigo, na yule wa mwisho ataondoka saa ngapi. Basi unatengeneza mfano ndani ya kompyuta: unaweka watu wa uongo, mashine za uongo, unaiacha siku ya uongo ipite kuanzia asubuhi hadi jioni, unatazama foleni inafika wapi. Ikifika pabaya hujaumiza mtu.

Siku ya kwanza aliingia darasani na sahani ya bati, maharage kwenye kipande cha gazeti, na dadu. Sisi tulikuwa tumevaa vizuri tukijua tunakwenda kugusa kompyuta. Akatuambia turushe dadu: ikitoka namba fulani, harage moja linaingia kwenye sahani, maana yake mteja amefika, ikitoka nyingine, harage moja linatoka, maana yake amehudumiwa. Mwenzetu mmoja akashindwa kujizuia.

"Mwalimu, samahani, hii ndiyo kompyuta yenyewe?"

"Hii ndiyo kompyuta isiyokatikiwa umeme. Cheka ukimaliza."

Tulirusha dadu saa nzima. Kwa hesabu, yule mhudumu wetu wa uongo alikuwa na kasi kuliko wateja. Alitakiwa hata apate muda wa kunywa chai. Lakini maharage yalijaa sahani yakaanza kumwagika sakafuni, kwa sababu dadu haiji moja moja kwa mpangilio, inakuja kwa mafungu. Akatuuliza kosa liko wapi. Mmoja akasema, kwa wastani mhudumu anatosha. Mwalimu akainama akaokota harage moja sakafuni, akalinyanyua tulione.

"Wastani haujawahi kusimama foleni," akasema. "Anayesimama ni huyu."

Maneno hayo nimeyarudia kwenye vikao vingi mno, na mara zote bila kusema ni ya nani.

Kitu kilichomkera kuliko vyote ni mwanafunzi kumuuliza programu ipi ni bora ya kufanyia mifano. Tulimuuliza makusudi, tukitaka kumwona anavyokunja uso. "Bora kwa nani?" angesema. "Fundi seremala umuulize msumeno bora au nyundo bora?" Kisha anaanza upya, kwa mara ya mia, kuhesabu kwa vidole. Swali dogo, la dirisha moja na foleni moja, lifanyie kwa kalamu na kanuni, utamaliza kabla chai haijapoa. Swali la kati, tumia jedwali la kompyuta. Swali kubwa, lenye mashine zinazosubiriana na kuuliza tena zikikosa jibu, hilo uandike mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa programu za bure zinazokuacha useme unachotaka. Hiyo ndiyo aliyoipenda. Alikuwa na moja aliyoiandika kwa miaka, inatoa namba tupu, kurasa na kurasa, wala haina hata rangi. Ya mwisho ilikuwa programu ya picha, ile unayochora dirisha na meza kwenye kioo, ukibonyeza, vijitu vinatembea vinapanga foleni. Hiyo aliita katuni. Hakuisema vibaya sana, ila alikuwa akitamka neno hilo anafuta ubao.

Alitufundisha kuchagua kwa maswali matatu. Unataka kujua nini? Una takwimu gani mkononi? Na nani ataamini majibu? Mawili ya kwanza tuliyakeshea. La tatu alilisema haraka haraka, akipanga vitabu vyake aondoke, na sisi hatukuliandika.

Sasa msidhani alikuwa mtu wa subira. Loo! Sijapata kuona mtu asiyeweza foleni kama Mwalimu wa Foleni. Ukimpeleka mahali pa kusubiri anavua saa, anaishika mkononi, anaanza kunong'ona. Watu wanasogea mbali wakidhani anasali au amerogwa. Akishajua kila mtu anachukua dakika ngapi, anajua zamu yake ni saa ngapi, na akishajua hasubiri tena, anaondoka zake. Mke wake, muuguzi mstaafu mwenye mdomo mwepesi, alinipokea siku moja nyumbani na kikombe cha chai ya rangi akaniomba radhi.

"Utakunywa bila sukari mwanangu. Huyu nikimtuma dukani sukari anarudi na hesabu."

Kwenye harusi alikuwa msumbufu kupindukia. Anasimama kwenye meza ya chakula, haangalii chakula, anaangalia mikono. Alishawahi kuwahamisha wapakuaji wa watu, nyama akaipeleka mwisho, akidai kila mtu akifika kwenye nyama anasimama kuchagua na nyuma yake pilau inapoa. Foleni ikaenda kweli. Lakini mama mwenye shughuli alichukia, akasema mgeni akikutana na kachumbari kwanza anadhani ni masikini wamemwalika. Wakairudisha nyama mbele. Mwalimu akala wali mkavu kwa hasira.

Hata kanisani hakutulia. Alimfuata paroko baada ya misa kumweleza jinsi ya kupanga mistari ya komunyo, na mchoro akiwa ameuandaa kwenye bahasha ya sadaka. Paroko alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika bega. "Mwalimu, hawa wanamfuata mtu asiyefunga dirisha." Mwalimu aliisimulia hadithi hiyo mwenyewe darasani, na akacheka mpaka machozi. Ni moja ya mara chache nilizomwona akicheka.

Kusifu hakujua. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu wateja wa duka la dawa, nikahesabu saa chache, namba nyingine nikazitunga nikiwa kitandani bwenini, kwani duka la dawa nani hajui linavyokuwa? Alisoma ukurasa mmoja tu. Akairudisha karatasi mezani kwangu mbele ya wenzangu. "Hawa watu umewatoa wapi? Kila baada ya dakika tano mtu, dakika tano mtu. Ni watu au ni mahindi ya kupandwa kwa kamba?" Nililia chooni. Nikarudi dukani nikahesabu siku mbili kamili. Nilikuwa na miaka ishirini na nikaapa sitarudia, na naamini wakati ule nilikuwa nasema kweli.

Watu walisema Mwalimu anawachuria, anawaletea mkosi. Ndivyo walivyosema, kwa neno hilo hilo. Chuo chenyewe kilipotaka mfumo mpya wa matokeo, yeye aliupima kwa ile programu yake ya namba, akaandika ripoti ndefu: siku ya matokeo wanafunzi wote watafungua kwa saa moja, mashine zikikosa jibu zitauliza tena na tena, na seva italala. Ripoti ilipokelewa kwa mikono miwili ikawekwa kabatini. Siku ya matokeo seva ikalala. Watoto wa watu walikaa siku nne hawajui wamefaulu au wamefeli. Kikao kikakaa kikalaumu mtandao. Mahali pengine pia alionya, pakatokea vilevile, na safari hiyo aliambiwa wazi ana mdomo mbaya. Nilikwenda kumpa pole nikidhani angalau anajisikia mshindi.

"Nilisema kweli mara mbili," akaniambia, "na haikumsaidia hata mtu mmoja. Sasa ukweli wangu una kazi gani?"

Nilimwambia yataisha, maneno tunayowaambia wafiwa.

Nilipopata kazi kwenye umoja wa wakulima, nilijiona mimi ndiye nitakayemtoa kwenye lawama zile. Umoja wetu kazi yake ni kuwatafutia wanachama mbolea kwa bei nafuu kuliko dukani. Huku kwetu mahindi ndiyo maisha, na mahindi bila mbolea ya kupandia ni majani tu, tena mbolea yenyewe ikichelewa wiki moja baada ya mvua ya kwanza ni bora usiweke. Siku zote tulikuwa tunagawa kwa karatasi. Ikaja habari ya mfumo: mkulima anaweka kidole kwenye mashine kituoni, mashine inauliza seva mjini, seva inasema huyu ni mwanachama, apewe mifuko yake. Nikaishawishi kamati impe Mwalimu kazi ya kuupima kwanza. Nilijivuna, sikatai. Nilimwendea na barua mkononi kama niliyebeba mahari.

Alikuja na kurasa zake za namba. Mwenyekiti wetu, mkulima mkubwa na mtu mwema wa kupenda utani, alifunua mbili tatu, akavua miwani.

"Mwalimu, mimi hapa naona namba. Nionyeshe watu."

Kamati ikacheka, na kikao kikaahirishwa. Tukatoka na Mwalimu mpaka barabarani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama kompyuta ya ofisini ingeweza kubeba ile programu ya picha. Nilishtuka. Nikamuuliza, katuni? Akasema ndiyo, katuni. Tulipakua toleo la bure, kwa sababu la kununua hatukulikaribia hata kwa ndoto. Toleo la bure lilikuwa na sharti lake: watu mia moja na hamsini tu ndani ya mfano kwa wakati mmoja. Wakizidi, programu inagoma.

Akaniagiza nikahesabu. Kijiji kimoja njia ya Tunduru, siku ya mgao wa mwisho wa karatasi, nikae kuanzia asubuhi mpaka wa mwisho aondoke, niandike kila mtu amefika saa ngapi.

Sasa asiyejua foleni ya kwetu anahitaji kuelezwa. Mtu hasimami foleni ya mbolea. Anasimama jiwe. Unafika asubuhi na mapema, unaweka jiwe lako, au ndoo mbovu, au kandambili moja, nyuma ya jiwe la mwenzio, halafu unarudi zako shambani. Lori la mbolea likisikika linapanda kilima, wenye mawe wanatoka kila kona, mia mbili, mia tatu ndani ya dakika chache, kila mtu anasimama juu ya jiwe lake, na ole wako umesogeza jiwe la mtu. Nimezaliwa ndani ya foleni hiyo. Mama yangu ana jiwe lake la kila mwaka, lenye rangi ya bluu.

Basi nilikaa chini ya paa la ghala, nikaandika. Asubuhi ile watu walikuja mmoja mmoja kuweka mawe, taratibu, dakika nne mmoja, dakika sita mwingine. Wote niliwaandika kuwa wamefika. Saa sita lori lilikuwa halijaja. Na mimi alasiri nilikuwa na kitchen party ya rafiki yangu pale Msamala, sare nimeshashonesha, mchango nimeshatoa. Nikamuuliza mlinzi lori linakuja saa ngapi, akasema Mungu ndiye anajua. Nikapanda bodaboda. Lori lilifika saa nane, wakati mimi nimesimama kwenye foleni ya kucheza na kumtuza bibi harusi mtarajiwa.

Kesho yake nikakaa mezani nikaijaza alasiri ile. Dakika nne mtu. Dakika sita. Niliweka na saba hapa na pale isionekane nimetunga. Nilikuwa nimejifunza.

Mwalimu alilichukua daftari, akalisoma limesimama wima usoni pake, ukurasa hadi ukurasa. Nilisubiri alirushe. Hakulirusha. Alisema, "Ahsante, binti," akaketi akaanza kuingiza namba.

Siku ya kuonyesha, kamati ilijaa. Vijitu vikatembea kwenye ukuta kwa taa ya projekta, vikaweka vidole, vikachukua mifuko, vikaondoka. Foleni haikuzidi watu tisa. Mwenyekiti alisimama akaonyesha kwa kidole, "Yule mnene pale ni mimi!" na watu wakapiga makofi, wakashikana mikono na Mwalimu mmoja mmoja. Wakamuuliza swali lililobaki, kama utahimili siku ya mgao, naye akajibu kwa maneno mawili, "Mfumo utatosha," akatia saini. Alikuwa amevaa koti. Nilifurahi nikasahau kabisa nilichofanya, niseme ukweli, nilisahau kwa wiki nzima.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Malori yakatoka siku moja kwenda vituo vyote. Wenye mawe wakatoka. Vidole mia tatu kila kituo, vyote ndani ya nusu saa, na mashine zilipokosa jibu zikafanya zilichoundwa kufanya, zikauliza tena, na tena, mpaka seva ikashindwa kumjibu hata mmoja. Na kanuni mpya ilikuwa bila kidole hutoki na mfuko. Mbolea ikakaa ghalani siku kumi na moja, watu wako nje, mvua inawanyeshea.

Siku ya tatu Mwalimu alikwenda kwenye kile kijiji nilikohesabu. Nilikuwepo. Alishuka kwenye bodaboda akasimama mbele ya foleni bila mwavuli. Walimjua, maana mwenyekiti alikuwa amewasimulia habari za vijitu. Bibi mmoja mwenye nailoni kichwani akamwendea mpaka karibu kabisa. Akamwamkia kwanza, kwa adabu, maana ndivyo tulivyo.

"Mwalimu, tumesikia katuni yako ilipata mbolea. Sisi je?"

Alivua kofia akaishika mkononi. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka hapo na mdomo ninao, ningeweza kusema. Niligeuka nikajifanya napiga simu mjini.

Mwaka ule mahindi ya mama yangu yalikuwa ya njano, yalisimama magotini mpaka Februari. Ya wengine vilevile. Mtoto wa jirani aliyekuwa aende kidato cha tano hakwenda, na sisi wawili, mama yake na mimi, huwa tunasalimiana vizuri tu. Kamati ilimwandikia Mwalimu barua ambayo sitaki kuirudia. Chuo hakikumwongezea mkataba. Mkubwa wangu wa kitengo cha mifumo aliondolewa, na nafasi yake nikapewa mimi. Ndiyo, mimi. Kamati ikaazimia, ikaandikwa kwenye muhtasari, kwamba mambo ya kupima mifumo kwa mifano yasiletwe tena umojani.

Miaka sita ikapita hivyo. Nilikutana naye mara mbili sokoni, shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu, mama hajambo, hajambo, basi. Kila mara nilikuwa na haraka.

Mwaka huu umoja umenunua mfumo mpya. Ni mkubwa kuliko ule, umeletwa na vijana wenye suti walioonyesha picha nzuri za wakulima wanaotabasamu. Namna ya kufanya kazi ni ile ile: kidole, seva, mfuko. Nilijaribu kusema kikaoni tuupime kwanza. Mwenyekiti, mzee sasa, akanitazama kwa huruma. "Unataka utuletee katuni tena?" Wakacheka. Ningeweza kumjibu kwa njia moja tu: kwamba mfano haukuwa na kosa, kosa lilikuwa daftari, na daftari lilikuwa langu. Nikakaa chini. Wiki ile ile nikasaini barua ya kuupokea mfumo.

Jumamosi nikachukua bodaboda nikaenda Mshangano, anakoishi sasa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshakolea, shamba la pembeni limeshatifuliwa linasubiri mvua. Nilimkuta barazani na mkewe wanachagua mbegu, amekonda, sweta lake limetoboka kiwiko. Nikaamkia. Mkewe akaniletea kigoda na kikombe cha togwa. Nikaogopa kuwa nikianza na habari za afya nitaishia huko, kwa hiyo nikasema yote kwa pumzi moja, kijiji, mawe, alasiri niliyotunga, yule bibi, simu niliyojifanya napiga. Togwa likamwagika kwenye sketi.

Mwalimu aliendelea kuchagua mbegu.

"Kitchen party ya nani?" akauliza.

Nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa kuonyesha kuwa anamfahamu.

"Nilijua," akasema. "Ukurasa wa tatu. Nimekaa Songea miaka ishirini na zaidi, foleni ya mbolea isiyo na fungu hata moja? Dakika nne, dakika sita. Nilijua umetunga kabla sijafika mwisho."

"Sasa kwa nini Mwalimu...?"

"Kwa sababu lilitosha." Akaonyesha kwa viganja ukubwa wa kitu kidogo. "Ile programu ilikuwa inachukua watu mia na hamsini. Ningeweka mawe yale, ingegoma, ningerudi kwenye namba zangu, na wale wangecheka tena. Daftari lako lilitosha ndani ya chombo. Mimi ninayewafundisha watu kuchagua chombo kwa swali, nikachagua takwimu kwa chombo. Nilitaka waniamini mara moja tu. Nikaaminiwa."

Mke wake alikuwa ameacha kuchagua. Nadhani hata yeye alikuwa hajapata kuyasikia. Alimtazama, kisha akanitazama mimi, akainuka akaingia ndani.

Nilianza kulia, kwa ujinga, nikasema nisamehe Mwalimu. Akasema hana cha kunisamehe. "Umekosea mlango, binti. Mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wao." Akauliza habari za umoja, nikamwambia kuhusu mfumo mpya.

"Mmeupima?"

"Hapana. Hawataki kusikia."

"Hawataki kwa sababu ya katuni yangu. Wakijua ilikuwa daftari, watataka. Nenda kawaambie. Nitaje na mimi, sema nilijua."

"Mwalimu, watanifukuza."

"Naam," akasema. Akanisubiri, na mimi nikapangusa sketi yangu. Mtu yeyote aliyemzoea angeona anahesabu. Baada ya muda akageuza kichwa akaita ndani, bila hasira.

"Mama! Mbolea ya mwaka huu tuchukue dukani."

"Dukani? Kwa bei ile?"

"Tuchukue hata mfuko mmoja."

Niliaga. Alinisindikiza mpaka njia panda kama mgeni mwingine yeyote, akaniambia nimsalimie mama yangu. Nilitembea mpaka barabara kubwa, nikasimama kusubiri usafiri, nikatoa simu nikampigia mama. Nilimwambia mwaka huu asisubiri mbolea ya umoja, nitamtumia hela anunue dukani, tena mapema, wiki hii.

"Si ndiyo mfumo wako mwenyewe huo?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Nikasikia kuku wake nyuma ya simu, na mtu anapita anamsalimia.

"Sasa na majirani niwaambie? Hapa kila mtu anasubiri ya kwenu."

"Usiwaambie," nikasema.

Akaniuliza kama nimeshakula.